Fisi maji wa bwawa la mjomba: uchambuzi wa kisa kimoja kando ya Mto Sabaki

Bwawa lenyewe lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Liko kaskazini ya daraja la Sabaki, ukitoka Malindi kwenda Mambrui, katika shamba la mjomba wangu ambalo ncha yake ya chini inashikana na majani ya mto. Lilichimbwa wakati serikali ilipokuwa ikihimiza ufugaji wa samaki nchi nzima. Mpango wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 ulilenga mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, na kipimo cha bwawa moja kilikuwa hizo hizo mita 300 za mraba. Nayajua mabwawa ya siku zile ambayo leo ni mashimo ya nyasi. La mjomba limedumu kwa sababu ya wavuvi wa mshipi.

Sisi ni wavuvi wa kupenda, si wa kuuza. Kila Jumamosi alasiri tunakaa sita au saba juu ya tuta la mashariki, chini ya mwembe, kila mtu na mshipi wake, ndoana ndogo, chubwi, na kipande cha ubua kuwa chelezo. Chambo ni nyungunyungu au donge la sima. Ukimtoa samaki asiyezidi kiganja unamrudisha. Aliyezidi, mjomba anampima, anaandika katika daftari lake, unalipa, kisha unampaa papo hapo, matumbo unayatupa mferejini, na unakwenda zako na kitoweo. Naomba msomaji aliweke akilini hilo la matumbo.

Waliomo ni ngege, na kambare wachache. Ngege wetu ni wa mto huu huu. Wataalamu humwita Oreochromis spilurus, na hata jina lake la Kiingereza limebeba jina la Sabaki. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipita juu ya tuta na kuwachukua wote. Februari 2024 mjomba akaweka vifaranga 1,000 upya. Hesabu yetu ilikuwa kwamba Ramadhani ya mwaka 2025, iliyoangukia Machi, majirani wote wangefuturu kwa samaki wa bwawa hili.

Mshukiwa wa kwanza

Mwezi wa Desemba mishipi ilianza kukaa kimya. Mtu anakaa tangu alasiri hadi Magharibi, chelezo halitikisiki. Dalili ya pili aliiona mjomba mwenyewe. Ana desturi ya kupiga makofi mara tatu kila asubuhi kabla ya kumwaga pumba, na ngege wamezoea: wakisikia makofi, maji yanachemka kwa midomo. Sasa akipiga makofi, pumba zinaelea hadi saa nne, hakuna anayezigusa. Ya tatu ilikuwa tope. Siku nyingine maji yalikuwa mekundu alfajiri wakati usiku kucha haukuvuma upepo.

Tulizisoma dalili zote tatu kwa maana moja: samaki wameibwa. Hilo ndilo kosa la kwanza la kisa hiki. Samaki aliyetishwa na mnyama usiku hushuka kilindini na kuacha kula, na bwawa lenye samaki waoga linafanana kabisa na bwawa tupu kwa mtu aliyekaa juu ya tuta na mshipi. Wavu mmoja tu wa kukokota kutoka upande huu hadi ule ungetuambia ukweli kwa nusu saa. Hatukuukokota, kwa kuwa kila mmoja wetu tayari alikuwa na jina kichwani.

Jina lilikuwa la kijana wa jirani, hajafika miaka ishirini, ambaye naye hupenda mshipi lakini hana cha kulipa. Mimi ndiye niliyesema kwamba nimemwona pembe ya chini ya bwawa wakati wa Magharibi. Ni kweli nilimwona. Sikumwona na samaki, wala sikumwuliza anafanya nini. Mjomba alimwita Jumamosi, mbele ya watu wote waliokuwa na mishipi yao, akamwambia asikanyage tena shamba lake. Kijana alitutazama mmoja mmoja, akaondoka bila neno.

Baada ya hapo hali haikubadilika, na hapo tungesimama tujiulize. Badala yake tuliongeza ulinzi. Mjomba alilala kibandani chini ya mwembe kwa siku tisa, na tochi na rungu, akikesha hadi saa sita au saba. Hakuona kitu. Mwembe uko upande wa juu, na mfereji wa kumwagia maji uko upande wa chini, ambako nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Alikuwa akilinda mlango ambao mwizi hakuutumia, na akilala saa ambayo mwizi alikuwa ndio kwanza anaamka.

Kichwa cha kambare

Jumamosi ya tarehe 11 Januari nilifika asubuhi na mapema, nikakuta kichwa cha kambare juu ya tuta la chini, na pembeni yake magamba ya ngege yaliyotapakaa kama mbegu. Hakuna mtu anayeiba kambare akaacha kichwa. Nilimwita mjomba, tukasimama pale wote wawili, na nadhani tulifikiri jambo moja kwa wakati mmoja kuhusu yule kijana. Hakuna aliyelisema.

Kuanzia hapo washukiwa wakawa wengi. Mmoja alisema mamba. Sabaki ina mamba kweli, na viboko, na neno hilo lilitosha kuwazuia watoto kuchota maji kwa wiki nzima. Lakini mamba akipanda tuta la udongo laini huacha mburuzo wa tumbo na mkia ambao hata kipofu angeukanyaga akaujua. Mwingine alisema kenge. Kenge hula samaki, ila ni mnyama wa jua: asubuhi huota kwanza ndipo atembee, na usiku hulala. Mwingine akawataja mnandi na furukombe, na hao wanastahili lawama yao, nitawarudia. Lakini ndege hachafui maji saa tisa ya usiku.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja anayelima mpunga bondeni, ambaye hupita juu ya tuta letu kwenda konde lake. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, akatazama tulichokuwa tukikitazama, kisha akashuka moja kwa moja hadi mahali ambapo mfereji unatoka kwenye bwawa. Hakushughulika na kichwa cha kambare. Alitazama tope.

Zilikuwepo alama ambazo sisi tulizipita kila siku tukidhani ni za mikono ya watoto. Vidole vitano, vimetanuka, havina kucha. Hapo ndipo penye ufunguo. Nguchiro wa maji, ambaye naye hutembea mitaro usiku akitafuta kaa, huacha nukta za kucha mbele ya kila kidole, na unyayo wake ni mdogo. Kenge huacha mikwaruzo mirefu ya kucha na mstari wa mkia katikati. Mwenye vidole kama vya mtoto wa binadamu, bila kucha, ni mmoja tu. Hatua chache mbele, juu ya jiwe la matumbawe, palikuwa na kinyesi kinene kama dole gumba, kimekauka. Bibi alikivunja kwa kijiti, na ndani yake kulikuwa na vipande vya magamba ya kaa vilivyosagwa, vyekundu na vyeupe. Magamba ya samaki yalikuwepo, lakini machache.

"Fisi maji," alisema. "Mimi namwona tangu nikiwa msichana, kule chini kwenye mpunga. Chakula chake kaa. Nyinyi mmefanya nini hata akapanda huku juu?"

Swali hilo lilitukuta hatuna jibu. Ila ndilo lililokuwa swali la kweli, na kila tulichokifanya kabla ya kulijibu kilikuwa kupoteza wakati.

Usiku wa mwezi kumi na nne

Siku mbili baadaye mwezi ulikuwa mpevu na mbingu nyeupe. Tulikaa mjomba na mimi juu ya tuta la kusini, kinyume cha upepo, tumejifunika mikeka, mbali na mfereji. Nataka kukieleza tulichokiona kwa urefu, maana ndicho kilichoniondolea hasira.

Alikuja baada ya saa tisa. Kwanza tulisikia mluzi mfupi, kisha nyasi za mferejini zikafunguka. Ni mnyama mrefu kuliko nilivyodhani. Kutoka pua hadi ncha ya mkia anaweza kufika mita moja na nusu, na mkubwa wake hufikia kilo 20 hivi. Mwili una rangi ya udongo wa mto, mkia mnene shinani, koo na mashavu meupe kama aliyepakwa chokaa. Hakuingia bwawani. Aliketi kwenye maji ya mfereji yenye kina cha kiganja, akaingiza mikono yote miwili chini ya mawe, na huku mikono ikitafuta, kichwa kimeinuliwa, anatazama kando, kama mama anayetafuta sindano iliyoanguka chini ya kitanda. Anawinda kwa kupapasa. Ndiyo maana hana kucha kwenye vidole vya mikono. Alizo nazo ni chache na ndogo, kwenye vidole vya kati vya miguu ya nyuma, na kazi yake ni kuchania manyoya.

Akatoa kaa, akamtafuna wote, gamba na magando, tukasikia mvunjiko kama wa mtu anayekula bisi. Akatoa mwingine. Nilihesabu kumi na mmoja kabla hajapanda tuta na kuteleza bwawani. Humo alikaa muda mfupi tu, maji yakavurugika, akatoka na ngege mmoja mdomoni, akamla juu ya jiwe lile lile, akajisugua kwenye nyasi na kurudi alikotoka.

Mjomba alinong'ona, "Kumbe mferejini ndiko sokoni kwake."

Kuhusu jina lake nitasema kidogo, kwa sababu lilitugharimu. Habari ziliposambaa kwamba ni fisi maji, neno lililobaki katika masikio ya watu ni fisi. Wapo waliosema fisi ni mnyama wa wachawi, wapo waliohofia mbuzi wao, na mama mmoja alimkataza mwanawe kupita njia ya bwawa hata mchana. Mnyama huyu hana udugu wowote na fisi. Ukoo wake ni wa nyegere na kicheche. Hafukui makaburi, hali mbuzi, na mtu asiyemkaribia wala kumbana hana sababu ya kumwogopa, ingawa mbwa akimvaa ataumia, maana meno yanayosaga gamba la kaa hayashindwi na mfupa.

Mashauri tuliyoyakataa

Jumamosi iliyofuata mishipi haikutupwa, tulikaa kikao. Shauri la kwanza lilikuwa sumu: chukua samaki, mtie dawa ya kuua wadudu, mwache juu ya jiwe. Aliyelitoa ni mtu mwema na alisema kwa nia ya kumsaidia mjomba. Lakini nchi hii imeshaiona njia hiyo inakofika. Watu walipotia dawa ya Furadan kwenye mizoga ili kuwaua simba, walikufa simba, na tai waliokula mizoga ile, hadi mtengenezaji akaanza kuinunua tena kutoka madukani Kenya mwaka 2009. Hapa kwetu samaki aliyetiwa sumu angeokotwa na furukombe, au paka, au mtoto. Na kilicho mferejini mvua ikinyesha kinashuka kwenye mpunga wa yule bibi.

La pili lilikuwa kitanzi cha waya, na la tatu jarife kuukuu lizungushwe ndani ya maji kando ya tuta. Fisi maji hupumua hewa kama sisi. Akinaswa chini ya maji anakufa kwa kuzama. Nchini Kenya kumtega au kumwua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na huyu ni mnyama ambaye shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, limemweka katika daraja la wanaokaribia kuwa hatarini. Mjomba aliongeza sababu yake mwenyewe, ambayo kwangu ilikuwa nzito kuliko hizo. Alisema, "Nikimwua huyu, mto utaniletea mwingine, na mfereji wangu bado uko vile vile."

Kulikuwa na tumaini la fidia. Sheria hiyo ina jedwali la wanyama ambao hasara yao hulipwa: tembo, simba, chui, fisi, mamba, kiboko, nyati na wengineo. Fisi yumo, fisi maji hayumo. Bora mtu alijue hilo mapema kuliko kupoteza nauli na siku za kazi akifuatilia karatasi. Kinachofaa kufuatilia ofisini ni ushauri, na kuandikisha kwamba mnyama yupo.

Taa tulizijaribu. Mjomba alitundika taa mbili za sola juu ya mfereji, na kwa siku nne alama hazikuonekana. Siku ya tano zilikuwepo chini ya taa yenyewe. Vivyo hivyo kwa makopo yanayogongana na kwa shati lililovikwa mti: mnyama huyu anajifunza haraka, na kitu kisichomuuma hakimzuii zaidi ya wiki.

Jibu la swali la bibi

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, tulirudi mferejini na majembe. Tulifyeka nyasi kuanzia bwawani hadi mpaka wa shamba, na zilipoondoka tukaona tulichokijenga wenyewe kwa miezi kadhaa. Kaa walikuwa kila mahali. Chini ya kila jiwe wawili, watatu. Hawakuwa wengi hivyo kule mtoni, ambako kiangazi cha kaskazi kilikuwa kimeshusha maji na kuacha mchanga mtupu. Walikuwa wengi hapa kwa sababu hapa palikuwa na kivuli, maji yasiyokauka, na kila Jumamosi watu saba wakiwatupia matumbo.

Huo ndio mnyororo wa kisa chote. Matumbo yaliwalisha kaa, kaa wakamwita fisi maji, fisi maji akafuata mfereji hadi juu, na juu akakuta maji yamefungwa pande nne na samaki wasio na pa kukimbilia. Mnyama anayepapasa chini ya mawe hamkimbizi ngege wa mtoni akampata kwa urahisi. Wa bwawani anampata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ua. Ilikuwa shimo. Tulichimba shimo la matumbo kati ya migomba, mbali na maji, na kila anayepaa samaki sasa anafukia na kufunika kwa udongo. Mfereji ulisafishwa, mawe yakaondolewa, nyasi zikabaki fupi. Kaa hatukuwaua, walipokosa chakula walipungua wenyewe, na waliobaki wakashuka kuelekea mpunga. Ndani ya bwawa tulizamisha matita ya matawi ya mwarobaini na vipande vya bomba pana, samaki wapate maficho. Hilo ni jambo dogo, lakini ngege walirudi kuitikia makofi ndani ya wiki mbili, hata kabla ya ua kukamilika.

Ua na makosa yake

Ua tuliujenga Februari. Seng'enge ya matundu, nguzo za mvinje, ambazo Malindi na Magarini hazina taabu kupatikana kwa kuwa wakulima wengi wanaipanda mivinje kwa ajili ya boriti. Mchwa huila mvinje iliyofukiwa. Dawa ya mafundi wengi ni oili chafu ya gari, nasi hatukuitaka karibu na samaki. Tulichoma miguu ya nguzo kwa moto hadi ikawa mkaa kwa nje, ndipo tukazifukia. Mzunguko pamoja na njia ya kutembea juu ya tuta ulifika mita 86, na mabunda ya seng'enge ya mita 18 yalihitajika matano.

Watu hufikiri ubora wa ua ni kimo. Wetu una mita moja na robo tu juu ya ardhi, na ncha ya juu imekunjwa kuelekea nje ili anayepanda aishie chini ya kibaraza. Kazi yenyewe iko miguuni. Seng'enge inashuka hadi chini, kisha sentimita 40 zake zimelazwa kuelekea nje kama pindo la kanga lililoburuzwa, zikashindiliwa kwa vigingi vya chuma, mawe ya matumbawe juu yake, na udongo juu ya mawe. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Akichimba hapo anakuta waya chini ya mikono yake; hajui kurudi nyuma nusu mita na kuanza upya. Matundu yasizidi sentimita tano hivi. Waya mwepesi wa banda la kuku haufai. Kutu ikiuingia unachanika kama karatasi.

Wapo wanaotumia nyuzi tatu za umeme wa sola, sentimita 10, 20 na 30 kutoka ardhini, na kwa bwawa kubwa ni nafuu zaidi. Zinataka nyasi zikatwe kila wiki, la sivyo umeme unaishia majanini. Mjomba alikataa kwa sababu ya watoto.

Wiki ya kwanza fisi maji aliingia. Asubuhi alama zilikuwa ndani, safi, zikienda na kurudi, na mjomba alikaa chini akashika kichwa. Tulizunguka ua mara tatu tukitafuta tundu. Lilikuwa mlangoni. Tulitundika mlango wa mbao mzuri juu ya udongo mtupu, ukaacha nafasi ya vidole vinne chini yake, naye akaipanua kwa kuchota udongo laini. Mlango usio na kizingiti ni pengo lenye bawaba. Tulimwaga zege chini yake, upana wa sentimita 50, mbao ikigusa saruji.

Pengo la pili hatukusubiri atuonyeshe. Bomba la kutolea maji lina upana wa inchi sita, na mdomo wake uko mferejini. Fundi alilichomelea chujio la nondo, nafasi kati ya nondo na nondo vidole viwili. Chujio hilo lina deni lake: majani yakiziba wakati wa mvua, maji hupanda na kupita juu ya tuta, na hapo utapoteza samaki wengi kwa usiku mmoja kuliko fisi maji kwa msimu. Mtu mmoja lazima alisafishe kila jioni ya masika. Mjomba anayeishi pale anaweza. Mwenye bwawa aliyeko mjini afikirie mara mbili.

Hasara ilikuwa kiasi gani

Siku chache kabla ya Ramadhani tulikokota wavu. Ngege wa kuliwa walikuwa 412. Wadogo waliozaliwa humo hatukuwahesabu. Kwa mtu aliyeweka 1,000, mdomo unataka kusema kwamba fisi maji alikula 588, na kuna waliosema hivyo.

Mjomba alileta daftari. Tangu Agosti hadi siku ile, sisi wenyewe wavuvi wa Jumamosi tulikuwa tumetoa na kulipia 173. Wanabaki 415. Katika hao ondoa vifaranga waliokufa siku za mwanzo baada ya kusafirishwa, ondoa waliochukuliwa na mnandi wakiwa wadogo, ondoa walioliwa na kambare wetu wenyewe, ambao tuliwaweka tukijua wanakula nini. Fisi maji alikuwa nasi miezi miwili hivi, na usiku tuliomwona alikula kaa kumi na mmoja kwa ngege mmoja. Siwezi kumbebesha zaidi ya sehemu ya hao. Kilichotuogopesha mwezi wa Desemba, lile bwawa lililoonekana tupu, kilikuwa zaidi ni samaki waliojificha.

Futari ilipatikana. Siyo ya majirani wote kama tulivyopanga, lakini nyumba za karibu zilipata, na bibi wa mpunga alipelekewa kambare mkubwa kuliko wote.

Nyumba nyingine iliyopelekewa ni ya yule kijana. Mjomba alikwenda mwenyewe, nami nyuma yake nimebeba kikapu. Mbele ya baba yake, mjomba alisema alimdhania mtu kwa kosa la mnyama na kwamba anaomba radhi. Kisha nikasema langu, kwamba mimi ndiye niliyetaja jina. Baba alipokea, akatukaribisha chai. Kijana alisema, "Nimesikia," akatoka nje. Baadaye dada yake alituambia kwamba zile jioni alizokuwa pembe ya chini, alikuwa akiokota kaa mferejini kwa ajili ya chambo, akavue mtoni.

Masika yalipoanza, Sabaki ulijaa maji mekundu na mpunga ukazama hadi nusu. Alama za vidole vitano zinaonekana bado, nje ya ua, zikifuata mpaka wa shamba na kushuka bondeni. Juzi zilikuwa jozi mbili, moja ndogo. Jumamosi tunakaa sita chini ya mwembe. Kijana anavua darajani. Mjomba amemtumia salamu mara mbili kwamba mahali pake pako wazi na hatalipishwa, na hajaja.